Siku Mbili za Kuzima Pampu

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Machi, ndoo ya Lalla Ijja ilitoka kisimani ikiwa na maji robo na tope robo tatu. Aliimwaga kwenye shina la mtende, akaiteremsha tena, ikatoka vilevile. Mjukuu wake Tuda, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amesimama kando na mkoba wa shule mgongoni. Alitoa daftari, akaandika tarehe na saa, kisha akamwomba bibi yake apime.

Katika kijiji cha Tinguma kina cha kisima hupimwa kwa pima. Mtu huteremsha kamba yenye jiwe mpaka iguse maji, huivuta, huinyoosha kutoka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha mkono mwingine, na kuhesabu. Lalla Ijja alihesabu pima kumi na mbili. Tuda alifungua ukurasa wa Februari. Palikuwa na pima kumi. Alifunga daftari na kwenda shule mbio.

Kazi hiyo ya kupima visima ilikuwa imetoka kwa mwalimu wao, Rkia, wiki nne kabla. Kitabu cha darasa la sita kilikuwa na somo la matatizo ya mazingira ya dunia, kurasa nane zenye picha: barafu inayoyeyuka na dubu juu yake, msitu uliokatwa, bomba la kiwanda linalotoa moshi. Rkia alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza kama kuna swali. Moha, mwana wa kinyozi, alinyoosha kidole.

“Mwalimu, huyo dubu analia hana barafu, nasi tunalia hatuna mvua. Hatuwezi kubadilishana?”

Darasa lilicheka. Rkia hakucheka wala hakumkemea. Alifunga kitabu, akawauliza ni nani kati yao amewahi kuona theluji kwenye milima ya kaskazini ikidumu hadi mwezi wa Mei. Hakuna aliyeona. Aliwaambia wakawaulize bibi zao. Kesho yake walirudi na majibu ishirini na mawili, na kumi na tisa kati yake yalikubaliana kwamba zamani ilikuwa ikidumu. Kuanzia hapo kitabu kilifunguliwa mara chache. Walileta tikiti maji moja darasani, wakalipima kwenye mizani ya dukani, wakakokotoa maji yaliyomo ndani yake. Kisha wakahesabu saa ambazo pampu hufanya kazi ili tikiti hilo likue, wakakuta kwamba maji yaliyomo ndani ni kidogo sana kuliko yaliyotumika nje. Rkia aliwaonyesha kwenye ramani matikiti yanakokwenda baada ya malori kufika bandarini. Moha aliitazama ramani, akauliza kama huko kuna mvua. Akajibiwa kwamba ipo, tena nyingi.

“Kwa hiyo,” alisema, “tunawapelekea maji watu wa mvua.”

Rkia aliliandika jibu hilo ubaoni na jina la Moha chini yake. Halafu akagawa kazi ya visima. Kila mtoto apime kisima cha nyumbani kwao mara moja kwa mwezi na alete namba. Jedwali lilibandikwa ukutani, visima kumi na vinne. Kisima cha mwalimu mwenyewe hakikuwamo. Kilichimbwa kwa mashine, mita sitini, na mdomo wake ulifungwa kwa kifuniko cha chuma kilichokazwa kwa nati. Mwenye ufunguo wa nati hizo alikuwa Bassu, mume wake, ambaye kwa maji hayo alilima hekta mbili za matikiti.

*

Pima kumi, kisha pima kumi na mbili. Habari ilifika msikitini kabla ya adhuhuri. Kufikia Ijumaa ilikuwa imepewa maelezo: kisima cha mjane Lalla Ijja kimekauka kwa sababu ya pampu ya Bassu, na shahidi ni jedwali la mke wa Bassu mwenyewe.

Baada ya sala ya Ijumaa, Si Addi, yaani Bwana Addi, mwenyekiti wa chama cha maji, alilitoa jambo hilo mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi la udongo nje ya msikiti. Alizungumza kwa adabu. Alisema hakuna anayemwonea mtu, lakini namba ni namba. Bassu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba Tuda aitwe, na bibi yake.

Alimuuliza mtoto nani alipima mwezi wa Februari. Tuda alisema ni mjomba wake Hmad, kabla hajaenda Agadir kutafuta kazi. Wanaume wakaanza kutazamana. Hmad alijulikana kwa urefu wake. Mlango wa msikiti aliuingia ameinama. Na mwezi wa Machi? Tuda alisema ni bibi. Bassu alitoa mfukoni futi ya chuma ya fundi mwashi, akamwomba Lalla Ijja anyooshe mikono.

Mzee huyo alisita. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya wanaume wa kijiji na mikono wazi kama nguo iliyoanikwa. Lakini aliinyoosha, kwa sababu ameambiwa. Bassu alisoma: mita moja na sentimita hamsini na moja.

“Na Hmad mnamjua,” alisema. “Basi maji hayajaenda popote. Kilichopungua ni mikono. Mke wangu amesoma chuo miaka mitatu, amerudi kupima dunia kwa vikongwe.”

Watu walicheka, hata Si Addi. Lalla Ijja alishusha mikono, akavuta shela yake, akaondoka na Tuda. Katika kicheko hicho hakuna aliyeuliza mbona ndoo ilitoka na tope.

*

Rkia aliyapata hayo nyumbani kutoka kwa mama mkwe wake, Hadda, aliyekuwa akikanda unga wa mkate na hakuacha kukanda. Hadda alimsimulia yote, pamoja na kicheko. Aliongeza kwamba yeye hakusoma, lakini hata asiyesoma anajua mke hamsemi mume wake kwenye ukuta wa shule.

“Bangili zangu sita ziko chini ya ardhi pale, mwanangu,” alisema. “Mita sitini. Nilizivaa miaka arubaini, nikaziuza ili Bassu achimbe. Wewe ukibandika karatasi, bandika na hilo.”

Bassu aliporudi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Hakuupata. Rkia alimwekea chai, akamwambia kwamba alisema kweli: pima si kipimo ikiwa wapimaji ni wawili, naye kama mwalimu alipaswa kuliona hilo tangu siku ya kwanza. Kisha akasema kwamba kumsimamisha Lalla Ijja vile halikuwa jambo la kweli wala uongo, lilikuwa jambo la aibu tu, na futi ingeweza kupelekwa nyumbani kwake. Bassu alikunywa chai yake. Baadaye alisema matikiti yanaanza kushika, na kwamba mnunuzi ameahidi dirhamu mbili na nusu kwa kilo kama yatafika kabla ya tarehe kumi Mei.

Jumatatu Rkia aliingia darasani, akalibandua jedwali, akaandika ubaoni neno moja: Tumekosea. Aliwauliza wanafunzi wamekosea wapi. Walieleza vizuri kuliko baba zao. Moha alitaka kujua kama sasa wataacha.

“Tutaanza,” alisema Rkia.

Alinunua kamba moja ya nailoni isiyovutika. Kwa siku mbili wanafunzi waliitandaza uwanjani wakaitia alama kwa futi ya chuma, fundo kwa kila mita, rangi nyekundu kwa kila sentimita kumi. Kamba ikawa hiyo moja kwa visima vyote. Wapimaji wakawa walewale watatu, Tuda akiwa mwandishi. Kipimo kilichukuliwa kila Jumatatu alfajiri kabla pampu yoyote haijawashwa, na kilichukuliwa mara mbili. Namba zikipishana zaidi ya sentimita mbili, mara ya tatu. Rkia aliwafuata wiki ya kwanza, akitembea nyuma yao bila kugusa kamba. Wiki ya pili hakuwafuata.

Mkaguzi wa shule alipita mwishoni mwa Machi. Aliliona jedwali jipya, akauliza liko ukurasa gani wa kitabu. Rkia alisema halimo. Mkaguzi aliandika katika ripoti yake kwamba mwalimu amechelewa kurasa tano, na hilo pia lilikuwa kweli.

*

Kufikia Jumatatu ya tano visima vyote kumi na vinne vilikuwa vimeshuka. Vingi vilishuka sentimita mbili kwa wiki. Vitatu vilishuka saba au nane. Kisima cha Lalla Ijja kilikuwa kimetoka mita kumi na nane na sentimita kumi na mbili kikafika mita kumi na nane na sentimita arubaini na moja, na chini yake hapakuwa na maji zaidi ya urefu wa ndoo.

Rkia aliwaambia wanafunzi waweke alama kwenye ramani ya kijiji, wavione visima hivyo vitatu viko wapi. Walifanya kazi hiyo kwa kelele, kisha kelele ikaisha. Ndipo Tuda aliposimama, mikono nyuma.

“Mwalimu, vinazunguka kwenu.”

“Ndiyo,” alisema Rkia. “Je, hiyo inatosha kusema kwamba sababu ni kwetu?”

Walifikiri. Mmoja alisema inatosha. Moha alisema haitoshi, maana visima hivyo vitatu ndivyo pia vilivyo mbali zaidi na mto, na huenda vingeshuka hata kama Bassu angekuwa analima mawe. Rkia alimuuliza wangejuaje. Moha hakujua. Tuda alijua. Alisema: izimwe, tuone.

Jioni hiyo Rkia alimwambia Bassu kila kitu kama kilivyosemwa, pamoja na hoja ya Moha iliyomtetea. Hadda alikuwapo. Alisema wazi kwamba huo ni wazimu. Matikiti yalikuwa yamefika ukubwa wa kichwa cha mtoto. Yakikosa maji siku mbili katika joto la Aprili yataacha kukua, na yakinyweshwa ghafla baada ya hapo yatapasuka. Hekta mbili, msimu mzima, kwa ajili ya hesabu za watoto.

Bassu hakukataa. Rkia alikuwa amejiandaa kuombwa alibandue jedwali, na alikuwa na jibu lake, lakini halikuhitajika. Mwanamume yule alikuwa ameshawashinda mara moja mbele ya msikiti, na aliamini atawashinda tena.

“Nitazima,” alisema. “Kuanzia kesho kutwa alfajiri hadi Ijumaa alfajiri. Lakini kamba nitaivuta mimi, mbele ya Addi. Maji yasipopanda, ukuta wako utabaki na picha ya dubu.”

“Na yakipanda?”

“Hayatapanda.”

“Bassu. Na yakipanda?”

Alimtazama mkewe. “Yakipanda nitasema yamepanda. Unadhani mimi ni nani?”

*

Jumatano, kabla ya jua kutoka, Bassu aliteremsha kamba kwenye kisima cha Lalla Ijja. Si Addi alishika taa. Lalla Ijja alisimama mlangoni pake na hakuja karibu. Mita kumi na nane na sentimita arubaini na tatu. Tuda aliandika. Walikwenda kwenye visima vingine vitano, viwili vilivyo karibu na pampu na vitatu vya mbali, kisha Bassu akaenda kwenye sanduku la swichi na kuizima pampu kabla jua halijaiwasha. Alifungua pia zile nati za kifuniko cha chuma, bila kuombwa na mtu, ili kamba ipite na kisima chake nacho kiandikwe.

Vioo vya sola vinavyoendesha pampu vilikaa kwenye jua siku nzima bila kazi. Saa nane mchana majani ya matikiti yalikunjamana. Hadda alibeba ndoo mbili kutoka kwenye tangi la nyumbani, akanywesha mashina yaliyo karibu na ukuta mpaka mgongo ukakataa. Rkia alirudi kutoka shule akamkuta amekaa kwenye tuta, miguu imenyooshwa mbele. Alichukua ndoo, akaendelea pale mama mkwe alipoachia. Maji ya ndoo kwa hekta mbili hayana maana, na wote wawili walijua.

“Utafurahi ukishinda?” Hadda alimuuliza.

Rkia alisema hapana. Alisema pia kwamba hatafurahi akishindwa. Anachotaka ni kujua, kwa sababu watoto ishirini na wawili wamemuuliza na hana haki ya kuwajibu kwa kukisia. Hadda alisema huo ni ugumu wa moyo. Kisha akamwonyesha mashina mengine mawili yaliyokuwa yamebaki.

Alhamisi alfajiri namba ilikuwa mita kumi na nane na sentimita ishirini na tano. Bassu aliivuta kamba, akaiteremsha upya. Ishirini na tano. Alisema huenda usiku ulikuwa wa baridi. Si Addi alimwambia baridi haipandishi maji. Bassu alisema anajua.

Mchana huo jirani mmoja alipita kando ya shamba, akayatazama majani, akamshauri Bassu kwa sauti ya huruma awashe hata kwa saa moja, nani atajua. Bassu alimwambia kisima kitajua.

Ijumaa alfajiri walikuwa watu kama kumi na watano kwenye kisima cha Lalla Ijja, na darasa zima la sita. Bassu aliteremsha kamba polepole. Jiwe liligusa maji mapema kuliko mkono wake ulivyotarajia. Wote waliona bega lake likisimama. Alishika kamba kwa vidole viwili ukingoni mwa kisima, akaivuta, akasoma. Hakusema namba. Aliteremsha tena. Akasoma. Aliteremsha mara ya tatu, ingawa mara mbili za kwanza hazikupishana hata sentimita moja.

Tuda alikuwa amefungua daftari. Rkia alisimama nyuma ya wanafunzi wake.

“Kumi na nane na sentimita mbili,” alisema Bassu. “Andika, mwanangu. Yamepanda sentimita arubaini na moja.”

Visima viwili vya karibu vilipanda thelathini na mbili na thelathini na sita. Vitatu vya mbali havikubadilika. Hoja ya Moha ilikuwa imejibiwa, na Moha mwenyewe ndiye aliyesema hivyo kwa sauti, akionekana kusikitika kwamba alikuwa amekosea kwa njia iliyo sahihi.

Bassu alikunja kamba vizuri akamkabidhi Tuda. Kisha alimwendea Lalla Ijja mlangoni. Alichomwambia hakikusikika. Kilichoonekana ni kwamba alibusu kichwa chake, kama mtu anavyombusu mama yake, na yule mzee akampiga kofi dogo begani.

*

Pampu haikuwashwa asubuhi hiyo. Baada ya sala Bassu aliomba nafasi ya kusema kwenye benchi la udongo. Zamani, kabla mifereji ya chini ya ardhi haijakauka, kila familia ya Tinguma ilikuwa na zamu yake ya maji, nusu siku au robo siku, ikirithiwa na kulindwa kama shamba. Waliochimba visima vya mashine hawakuwa na zamu. Ndiyo raha waliyoinunua. Bassu aliomba apewe zamu.

Wengine walidhani anatania. Mwenye kisima kingine cha mashine, upande wa pili wa kijiji, alimuuliza kama ni mke ndiye anayepanga ratiba siku hizi. Bassu alisema ndiyo, na ratiba yake ina sentimita. Si Addi aliuliza anataka siku ngapi. Walibishana hadi alasiri. Walikubaliana pampu ifanye kazi siku moja na ipumzike siku moja, na karatasi ya siku hizo iandikwe kwa nakala mbili, moja ya chama na moja ya shule, kwa kuwa shule ndiyo yenye kupima.

Rkia aliwafundisha wanafunzi wiki iliyofuata zile kurasa tano alizochelewa: barafu, msitu, moshi. Walizipitia kwa siku tatu. Walipofika kwenye picha ya dubu Moha aliuliza nani hupima barafu, na kama wapimaji ni walewale kila mwaka. Rkia aliwaeleza anachokijua kuhusu vituo vya kupima barafu vya huko kaskazini. Wanafunzi wawili waliviandikia vituo hivyo barua ya maswali saba. Ilipelekwa posta ya Zagora siku ya soko.

Hadda hakuzungumza na mkwe wake kwa siku nne. Siku ya tano alimuuliza kama ni kweli kwamba maji ya kisima chao wenyewe nayo yamepanda. Rkia alisema ni kweli, sentimita tisini. Hadda aliuliza sentimita tisini ni kiasi gani. Rkia alimwonyesha kwa kiganja kwenye ukuta wa jikoni, kutoka sakafuni. Hadda alipatazama pale kwa muda, kisha akarudi kwenye unga wake.

*

Mnunuzi alifika tarehe saba Mei na lori na vibarua sita. Alitembea katikati ya matuta akipiga matikiti kwa kidole, akisikiliza. Yaliyopasuka yalikuwa mengi kidogo. Yaliyo madogo yalikuwa mengi zaidi. Alichagua yaliyozidi kilo saba na kuyaacha mengine, na vibarua walipomaliza kupakia alirudi kwa Bassu akipangusa mikono.

Alisema mwaka uliopita alipakia malori mawili hapa. Udongo ni uleule, mbegu ni zilezile, vioo vya jua viko palepale. Amepita mashamba ya jirani, wakulima wote wana matikiti kama vichwa vya ngamia. Alitaka kujua ni nani aliyemwonea Bassu wivu akamroga.

“Kamuulize mwalimu,” alisema Bassu. “Atakueleza kwa namba. Lakini yuko darasani mpaka saa sita, usimkatize.”

Mnunuzi hakusubiri. Lori liliondoka saa tano na robo, limejaa robo tatu.